Alama ya maji kwenye stempu za babu: petroli iweke chini kwanza

Swali limetoka kwa msomaji wa Moshi aliyerithi albamu ya stempu. Nalifupisha:

"Shikamoo mzee. Babu yangu alikuwa karani. Alipofariki aliniachia albamu yake ya stempu. Ndani kuna za meli zilizoandikwa DEUTSCH-OSTAFRIKA, baadhi zina muhuri wa MOSCHI. Kuna nyingine zimepigwa herufi G.E.A. juu yake, na kuna za twiga zilizoandikwa TANGANYIKA. Mtu mmoja anayenunua vitu vya kale ameniambia bei inategemea alama ya maji, akanishauri nizichovye kwenye petroli ndipo nitaiona. Nimeziinua juani, sioni kitu. Nianzie wapi, na nitajuaje kwamba nilichokiona ndicho chenyewe?"

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na babu. Kabla ya lolote, petroli iache kabisa. Petroli ya kituoni imetiwa vitu vingi kwa ajili ya injini, na yenyewe ikishakauka, vitu hivyo vinabaki kwenye karatasi. Stempu iliyokaa salama ndani ya albamu kwa zaidi ya miaka mia moja inaweza kutoka humo na doa la manjano ambalo halitaondoka tena. Mafuta ya taa ni mabaya vilevile, yanaacha mafuta yanayoilainisha karatasi kama karatasi ya maandazi. Spiriti na dawa ya kufutia rangi ya kucha zinaweza kuyeyusha wino. Kimiminika kinachofaa kipo, nitakitaja, lakini hicho ni cha mwisho. Stempu nyingi zitakujibu zikiwa kavu.

Huyo mnunuzi ana haki katika jambo moja: alama ya maji inaweza kuzitenganisha stempu mbili zinazofanana kwa kila kitu, picha ileile, rangi ileile, bei ya posta ileile, kumbe moja imechapwa kwenye karatasi ya toleo jingine. Ndiyo maana usiuze hata moja kabla hujajua.

Sasa chukua noti uiinue mbele ya dirisha. Sura ya Mwalimu Nyerere inajitokeza kwenye sehemu nyeupe. Hakuna wino pale. Karatasi ilipokuwa bado rojo kwenye mashine, kitu chenye umbo kiliigandamiza, nyuzi zikasogea, pengine zikawa chache, pengine nyingi. Alama ya maji ya stempu ni ndugu ya hiyo, ila yenyewe ni rahisi zaidi: rola yenye vipande vya waya vilivyokunjwa kuwa taji au herufi inapita juu ya rojo, na kila waya ulipokanyaga, karatasi inakuwa nyembamba kidogo kuliko jirani yake. Basi. Unachokitafuta ni wembamba. Ukilishika hilo, kila mbinu nitakayokueleza utaielewa yenyewe, na hata nikisahau jambo utaweza kulibuni.

Kwa nini jua limekunyima? Kwa sababu kwenye noti waliacha kidirisha cheupe makusudi ili alama ionekane. Stempu haina kidirisha. Alama iko chini ya mchoro wenyewe, na ukiinua juani mwanga unapita kwenye wino wa meli, wino wa muhuri, mabaki ya kikaratasi alichobandikia babu, na gundi ya zamani, vyote kwa pamoja. Macho yanashika vilivyo vyeusi zaidi, yaani mchoro na muhuri, na ule wembamba mdogo unapotea humo. Jua la Moshi la saa sita ndilo baya kuliko yote. Linapausha kila kitu, na kwa stempu si rafiki: ziweke hapo kila siku na rangi itakuonyesha.

Kwa hiyo geuza mambo. Badala ya kupitisha mwanga, weka weusi nyuma. Mimi natumia kipande cha kigae cheusi kinachong'aa, nilichopewa na fundi aliyekuwa akimalizia bafu la nyumba moja huku Njiro, Arusha. Kwangu ni kifaa bora kuliko visahani vya plastiki nilivyowahi kutumia: ni kizito hakisogei, hakina vumbi la nyuzi, na hakidhuriwi na kile kimiminika nitakachokitaja mwishoni. Laza stempu juu yake, uso chini, mgongo juu. Zima taa ya chumbani au funga pazia. Washa tochi ya simu, uilaze pembeni juu ya meza, mwanga utambae juu ya mgongo wa stempu kama jua la saa kumi na mbili asubuhi linavyotambaa shambani na kuonyesha kila tuta. Kisha zungusha kigae polepole, mzunguko mzima, wewe na tochi mkiwa mmetulia. Kuna pembe moja ambayo alama hujitokeza, na ukiipita inazama tena. Rudi nyuma kidogo.

Inavyoonekana nikueleze, maana wengi wanatazamia picha kamili kama ya noti. Mgongo wa stempu ni mweupe wa maziwa. Kwenye mistari myembamba ule weusi wa kigae unapenya kidogo, unaona kama kivuli cha kijivu, upana wake kama unyuzi. Kwanza unaona mkunjo mmoja. Baadaye kidogo unaona nukta tatu juu ya mkunjo, na hapo ghafla unajua kwamba hilo ni taji. Mara nyingi si taji zima. Karatasi ilitengenezwa kwa mapana, alama imerudiwarudiwa kote, na stempu zikakatwa bila kujali alama inaangukia wapi. Stempu yako inaweza kuwa imepata nusu ya taji upande wa juu, mguu wa herufi chini, na kipande cha taji jingine kwenye meno ya ukingoni. Hicho ndicho kitu cha kawaida.

Umeuliza utajuaje kwamba umeona kweli. Njia ya uhakika ni kujifunzia kwenye stempu ambayo jibu lake unalijua tayari. Kwenye albamu ya karani wa zamani sitashangaa ukikuta stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye kichwa cha Mfalme George VI, zile zilizoanza kutolewa 1938. Nyingine zina Mlima Kilimanjaro wenyewe. Zimechapwa kwa wingi, zilizotumika kwa kawaida si za bei, na karatasi yake ina alama: taji likifuatiwa na herufi C na A zilizoandikwa kwa mtindo wa mwandiko wa mkono, zimelala na kuunganika. Chukua kumi za namna hiyo, keti nazo jioni mbili. Jicho likishaizoea alama hiyo, utaiona kwenye stempu ngumu hata ikijitokeza robo. Mimi nilianza vibaya, nikaanza na stempu ya thamani nisiyoijua, nikaona taji mahali pasipo na taji kwa sababu nilitaka kuliona.

Simu yako inaweza kukusaidia zaidi ya tochi. Stempu ikiwa juu ya kigae na mwanga wa kulala, ipige picha kutoka juu kabisa, simu ikiwa imeegemea vitabu viwili ili isitikisike. Ingia kwenye sehemu ya kuhariri picha, iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe, kisha ongeza utofauti wa giza na mwanga hadi mwisho, urudishe kidogo kidogo. Mara kadhaa nimeona kwenye kioo cha simu alama ambayo macho yangu ya uzeeni yalikuwa yameikosa kabisa. Kama una jamaa ofisini mwenye skana ya kulaza karatasi, hiyo ni nzuri pia, kwa sababu taa yake hupiga kwa pembe: laza stempu uso juu na mgongo kwenye kioo, funika na karatasi nyeusi, na uskani kwa ukali wa juu.

Zikibaki zilizokataa, ndipo tunafika kwenye benzini. Elewa hapa: ninaposema benzini sisemi petroli. Nasema kimiminika safi kinachouzwa kwa wakusanyaji wa stempu, na kwa sisi tulio mbali na maduka hayo, mafuta ya viberiti vya utambi, aina ya Zippo, yanayouzwa kwenye kichupa. Si gesi ya kujazia viberiti vya kawaida, hiyo ni kitu kingine. Usikiamini kichupa kwa sababu ya karatasi iliyobandikwa juu yake. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe safi, ondoka, urudi baada ya robo saa. Ikiwa pametoweka kabisa, bila duara wala harufu, inafaa. Ikiwa pamebaki hata kivuli cha duara, hiyo ni ya viberiti tu.

Inafanya nini? Karatasi kavu imejaa hewa katikati ya nyuzi, na hewa hiyo ndiyo inayotawanya mwanga na kuifanya karatasi iwe nyeupe. Benzini inaingia mahali pa hewa, mwanga hautawanyiki tena sana, karatasi inakuwa kama kioo cha ukungu. Pale penye nyuzi chache inakuwa angavu zaidi, na weusi wa kigae unapanda juu. Umeshawahi kuona shati jeupe likilowa mvua mwili ukaonekana? Ni jambo hilohilo. Maji pia hufanya hivyo, na ukiwa umelowesha stempu zilizotumika ili kuzitoa kwenye bahasha, zitazame mgongo zikiwa bado na unyevu, utaona alama bure. Lakini maji yanayeyusha gundi ya stempu ambayo haijatumika, na kuna wino uliotengenezwa makusudi ukimbie ukilowa ili mtu asifute muhuri akatumia stempu mara ya pili. Zambarau na kijani za wachapaji De La Rue zina sifa hiyo. Benzini haiyeyushi gundi ile ya zamani na haifanyi karatasi ijikunje.

Fanya hivi. Fungua madirisha yote. Hakikisha hakuna jiko linalowaka, si la mkaa wala la gesi, si chumbani humo wala chumba cha pili, kwa sababu mvuke wa benzini ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini sakafuni na kuufuata moto uliko. Asiwepo anayevuta sigara. Mji wenu wa Moshi una joto kuliko huku kwetu Arusha, benzini itakuponyoka upesi, kwa hiyo chagua asubuhi ya Julai yenye baridi au angalau saa moja asubuhi, kabla jua halijapanda. Laza stempu mgongo juu kwenye kigae, ishike kwa kibano kisicho na meno, na dondosha matone mawili au matatu tu. Usiijaze kigae. Tazama mara moja, na uendelee kutazama mpaka ikauke. Nyingine alama yake inatokea sekunde ile ya kwanza na kutoweka. Nyingine hazionyeshi kitu zikiwa zimelowa, halafu wakati wa kukauka, benzini inapoondoka kwa hatua, alama inakuja wazi kwa muda wa pumzi mbili tatu. Ukiondoa macho wakati huo umekosa. Kisha inyanyue polepole, ilaze kwenye karatasi safi, iache ikauke yenyewe kabla ya kuirudisha kwenye albamu.

Stempu za kisasa zenye gundi ya stika usiziloweshe kwa benzini, gundi yake huyeyuka. Zilizochapwa kwa fotogravya, zile ambazo ukizitazama kwa lenzi mchoro wake umejengwa kwa vitone vidogo vidogo, nazo waweza kuziharibu, kwa sababu wino wa baadhi yao hauivumilii. Stempu zako za meli, G.E.A. na twiga haziko katika makundi hayo. Na ukisikia mkusanyaji wa zamani akisifia kaboni tetrakloridi, mheshimu lakini usimfuate. Ilitumika sana zamani, ni sumu inayoharibu ini.

Benzini ina faida nyingine ambayo kwangu ni kubwa sawa na alama yenyewe. Inafichua majeraha. Karatasi iliyochunika mgongoni wakati mtu akibandua inaonekana kama kiraka cheusi kisicho na umbo. Mkunjo wa zamani unatoka kama mstari mkali. Niliwahi kununua twiga ya bei kubwa kwa mfanyabiashara mmoja aliyenihakikishia kuwa ni nzima. Nilipofika nyumbani na kuitia benzini, pembe yake ya juu ilijitokeza tofauti kabisa na sehemu nyingine, imeungwa kwa karatasi ya stempu nyingine na kupakwa rangi. Iliniuma sana, na fedha haikurudi. Tangu siku hiyo naomba ruhusa ya kuitazama kwenye kigae kabla sijatoa pesa, na muuzaji anayekataa najua la kufanya. Kwa hiyo ukiona weusi, jiulize: una umbo? Unajirudia? Kiraka hakijirudii.

Kuna rangi zinazosumbua. Manjano na chungwa ni ngumu, na nyekundu wakati mwingine mchoro wake unapenya hadi mgongoni na kufunika alama. Dawa yake ni kutazama kupitia kitu chenye rangi ileile ya stempu. Chukua karatasi ya nailoni nyekundu inayoonyesha, ile ya kufungia zawadi, iweke mbele ya jicho au ifunge kwenye tochi, na utaona wino mwekundu umefifia karibu kutoweka, kivuli cha alama kimebaki. Ya manjano kwa manjano, ya bluu kwa bluu. Vifaa vya umeme vinavyouzwa Ulaya kwa kazi hii vina taa na vioo vya rangi ndani yake, havifanyi zaidi ya hapo. Kipo pia kiitwacho Signoscope, kinachoigandamiza stempu kwa kioo na kuimulika kwa pembeni, bila kimiminika chochote. Ni kizuri sana kwa stempu zenye gundi yake kamili, ila kwa albamu moja sikushauri uingie gharama hiyo.

Sasa tuje kwenye za kwako.

Za meli. Hiyo ni Hohenzollern, meli ya Kaiser Wilhelm wa Pili, na picha yake iliwekwa kwenye stempu za makoloni yote ya Wajerumani. Anza kwa kusoma fedha iliyoandikwa. Zikiwa za PESA, ni za toleo la 1901, wakati rupia moja ilikuwa pesa 64. Hizo hazina alama ya maji, usijisumbue nazo. Zikiwa za HELLER, ni za kuanzia 1905, rupia ilipogawanywa kwa heller 100, ndiyo sarafu iliyotuachia neno hela tunalolitumia hadi leo sokoni. Hizi za heller ndizo za kuchunguza. Za kwanza zilichapwa kwenye karatasi isiyo na alama, zilizofuata kwenye karatasi yenye alama, na kwa macho matupu mbele zinafanana. Alama yenyewe haina taji wala herufi: ni umbo la uru wa karata, moja likigusana na jingine, zimejaa karatasi nzima kama wavu wa samaki. Uzuri wake ni kwamba wavu hauwezi kuikosa stempu. Ukiona hata mistari miwili ikikatana kwa pembe kali, na miwili mingine sambamba nayo, umeshapata jibu. Na usipoona kitu, usiseme haraka kwamba haina. Itazame kavu, kwenye picha, kisha kwa benzini. Zikikataa zote tatu, hapo andika "haina". Ukikuta ya heller 7½, ambayo ni nyekundu, itazame kupitia nailoni nyekundu.

Muhuri wa MOSCHI ndivyo Wajerumani walivyoandika Moshi, kama huku walivyoandika ARUSCHA. Muhuri unaosomeka vizuri, wenye tarehe, unaweza kuwa na thamani kuliko alama ya maji. Kwa hiyo kwa stempu hizo usiruhusu mtu azisafishe. Na kama kuna iliyobaki kwenye bahasha yake, nakusihi usiibandue hata kama huwezi kuona mgongo. Bahasha nzima iliyopita posta ya Moshi wakati wa Mjerumani ni kitu kimoja. Ukiibandua stempu umekivunja, na hakiungiki.

Za G.E.A. ni stempu za Waingereza za Afrika Mashariki na Uganda, zenye kichwa cha Mfalme George V, zilizopigwa herufi hizo kwa kuwa waliliita eneo hili German East Africa. Waingereza waliingia Moshi na Arusha Machi 1916, na stempu hizi zikaanza kutolewa 1917. Hapa kuna alama mbili, zote za Crown Agents, wakala waliokuwa wakiyaagizia makoloni ya Uingereza stempu, ndiyo maana ya CA. Ya kwanza ina taji na herufi CA za kusimama, wima kama za gazeti. Ya pili, iliyoingia 1921, ndiyo ile ya mwandiko wa mkono uliyojifunzia kwenye George VI. Tafuta herufi A: ikiwa na miguu miwili iliyonyooka kama ngazi ya fundi ni ya kwanza, ikiwa imelala na ina mkia ni ya pili. Taji litakuchanganya, liache. Tarehe ya muhuri nayo ni shahidi: iliyopigwa muhuri 1918 haiwezi kuwa na alama ya mwandiko, hata ukiapa kwamba umeiona. Kwa hiyo hata iliyobanduka vibaya au iliyo kwenye bahasha unaweza kuipangia mahali pake bila kuigusa. Za rupia zimechapwa kwenye karatasi iliyopakwa chokaa, alama yake ni ngumu kuonekana, na maji yanabeba uso wake wote. Hizo zitazame kavu kwa subira, na ukitumia benzini usisugue.

Twiga ndiyo ninazozipenda kuliko zote, nilianza kukusanya kwa ajili yake. Zilitolewa kuanzia 1922, zimechongwa na wachapaji Bradbury Wilkinson, ukipitisha kucha juu ya uso wake kwa wepesi unahisi wino umesimama. Zote zina alama ya mwandiko, kwa hiyo swali kwako si kama ipo. Swali ni imekaaje. Za shilingi kwenda juu zipo ambazo alama imelala ubavu na zipo ambazo imesimama, na katalogi ya stempu inazipa namba na bei tofauti. Shika twiga kichwa kikiwa juu, kisha igeuze kama unavyofungua ukurasa wa kitabu, iwe mgongo juu na kichwa cha twiga bado kikielekea juu. Taji likisimama, alama imesimama. Taji likilalia kushoto au kulia, imelala, na andika limelalia wapi. Kumbuka kwamba mgongoni herufi za alama ya kawaida utaziona kinyume, kama unavyoliona jina la gari la wagonjwa kwenye kioo. Ukizisoma sawasawa kutoka mgongoni, au taji likisimama kichwa chini, karatasi iliingia mashineni imegeuka. Usiipitishe hiyo, iweke pembeni ya zote.

Kila stempu ukimaliza, iingize kwenye kibahasha chake na uandike kwa penseli, kabla ya kuiingiza, mambo manne: tarehe uliyoitazama, njia uliyotumia, ulichokiona, na kama una shaka. Chora hata kwa mkono mbovu kipande cha taji ulichoona na mahali kilipo. Mwezi ujao utarudia zile za shaka na jicho lenye mazoezi, na utashangaa ni ngapi utazibadilisha.

Kama kuna ya heller 7½ yenye muhuri wa MOSCHI, naomba uanze nayo. Ipige picha mgongoni juu ya kitu cheusi, mwanga wa kulala, ikiwa kavu, kabla hujagusa benzini yoyote, unitumie pamoja na picha ya mbele. Huyo mnunuzi mwambie asubiri.